Kaburi la Zuena

Maimuna aliteremka Nyamwage akiwa hajui atajibu nini, na mtu asiyejua atajibu nini hafai kupewa muda mrefu wa kufikiri, maana atafikiri mpaka augue. Yeye alikuwa amepewa mwaka na zaidi. Muda wote huo alikuwa kwao Lushoto, akiota moto jikoni kwa marehemu mama yake na kupima jambo moja tu: ahamie Rufiji kwa mumewe, akaishi huko na joto lake na mbu wake, au aombe talaka yake abaki milimani. Kila aliyemwomba shauri alimjibu upesi, na yale majibu ya upesi yalimchosha kuliko swali lenyewe.

Si kwamba hakumpenda Fikirini. Wako wanawake wanaopima mambo kwa sababu moyo umepoa, lakini wa Maimuna haukupoa hata siku moja. Alimpenda tangu alipomwona Lushoto amekuja na mafundi wenzake kujenga bweni la shule, amevaa makoti mawili, midomo imempasuka, akiuliza watu wa hapa wanaishije mahali ambapo maji ya kunawa yanauma. Maimuna alikuwa akiuza peasi kando ya barabara. Alimcheka, akamsogezea kigoda karibu na jiko la mkaa, na Fikirini akakikalia kigoda kile mpaka akaoa.

Wakampata Zuena, mtoto wa kike, mwenye masikio ya baba yake. Halafu baba yake Fikirini akafariki, mama akabaki peke yake na mashamba, nao wakateremka Rufiji wakisema ni kwa msimu mmoja tu.

Huku bondeni, masika yakiingia na maji yakazunguka mpunga, watu huhama nyumba zao wakaenda kukaa dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, wapate kuwinga ndege na kufukuza nguruwe mpaka mpunga uive. Maimuna na mumewe walihamia dunguni na mtoto wao. Homa ikamkamata Zuena huko huko, maji yakiwa yamejaa kila upande, na mtumbwi ulipopatikana alikuwa ameshakata roho. Mama mtu naye alikuwa hoi kwa homa ile ile, hawezi hata kuinua kichwa. Makaburi ya kijiji yalikuwa chini ya maji, kwa hiyo wanaume walimzika mtoto kwenye mwinuko mmoja uliobaki mkavu, pale ukingoni mwa mto. Wanawake hawafuati jeneza, si huku wala si kwao Lushoto. Hata kama angekuwa mzima, Maimuna asingeliona kaburi la mwanawe siku ile; aliambiwa tu kwamba ni mahali palipoinuka. Kaka yake, Ismaily, alikuja akamchukua, akampandisha milimani akiwa amebebwa.

Ismaily huyo huyo ndiye aliyemsindikiza sasa. Alichukua chumba kwenye gesti ya Nyamwage, akasema hatatia mguu bondeni, atamsubiri dada yake hapo hapo barabarani mpaka apate jibu lake. Alikuwa mtu mpole, hagombani na mtu, na kwa sababu hiyo maneno yake yaliuma zaidi.

"Mimi na shemeji hatuna ugomvi," alimwambia. "Ugomvi wangu ni na nchi yake. Huku mtu anaumwa homa kila baada ya mwezi na anakwambia ni kawaida. Wenzetu wamezaliwa nayo. Sisi damu yetu haijui mbu, Maimuna."

"Na kule baridi inanibana kifua, kaka. Kila mwezi wa saba mnakesha nami."

"Pumu ina dawa," alisema Ismaily. Akatazama lori lililokuwa likipita. "Hawa wenzetu wameshamzika mtoto wako mmoja. Unataka kuwaletea wa pili?"

Maimuna alipanda bodaboda akaingia bondeni.

Ilikuwa mwezi wa tisa, maji yameshapungua, na pale yalipokuwa yamesimama watu walikuwa wamepanda mlau: mahindi, kunde na maboga kwenye ule udongo mweusi unaobaki na unyevu. Fikirini alimpokea mkewe mbele ya nyumba ya mama yake. Hawakukumbatiana, watu walikuwa wakiwatazama. Alimpokea begi, vidole vyao vikagusana kwenye mkanda, na wote wawili wakakawia kuachia. Alikuwa amekonda. Maimuna aliona shingo yake ilivyotoka mishipa, akasikia uchungu na hamu kwa pamoja, na kwa muda alisahau kwamba alikuja kupima chochote.

Lakini alipima. Siku zote alizokaa pale, asubuhi walikwenda shambani pamoja, yeye akipalilia upande huu na Fikirini upande ule, na walizungumza kama watu wanaouziana ng'ombe, kila mmoja akitaja uzuri na kasoro. Fikirini aliisifia nchi yake bila haya. Alimkumbusha samaki wa mto na nazi zisizonunuliwa, na kwamba huku mtoto haogi kwa kupiga kelele. Alimwuliza mara ya mwisho alitumia lini ile dawa yake ya kuvuta ya pumu. Maimuna alifikiri, akakuta hajaigusa tangu afike. Alivuta pumzi ndefu mpaka chini, pumzi ambayo kule kwao asingeipata bila kukohoa, na Fikirini akamtazama kifua kikipanda na kushuka mpaka Maimuna akamrushia kibonge cha udongo.

"Palilia, Baba Zuena. Usitazame watu."

"Namtazama mke wangu. Kuna kosa?"

Kasoro naye Maimuna alizitaja bila kumwonea haya. Kuanzia saa sita kanga ilimganda mgongoni, kichwa kikamwanga, akashindwa hata kula. Jua likizama wote walikimbilia ndani ya chandarua kama kuku, na bado asubuhi aliamka na vipele. Zahanati ilikuwa mbali, hospitali ilikuwa Kibiti, na kila usiku nguruwe walifukua mahindi hatua chache kutoka ukutani. Alimwambia yote hayo, na Fikirini hakubisha hata moja. Alisema tu kwamba Lushoto yeye aliishi miaka mitatu na vidole vimekufa ganzi, na hakulalamika kwa sababu alikuwa na kitu cha kukaa nacho.

Kitu cha kukaa nacho. Maneno hayo yalimwingia Maimuna, maana yeye pia alikuwa nacho hapo kitongojini, na hakikuwa Fikirini peke yake. Tangu siku ya kwanza alikuwa akiamka kabla ya jua, akachukua udhu, akaenda nyuma ya nyumba za mwisho, pale palipoinuka, kwenye tuta dogo lenye vijiti viwili na mrehani. Mumewe ndiye aliyempeleka mara ya kwanza, akamwonyesha kwa kidole, akasimama mbali. Maimuna alikaa pale akalia kilio ambacho hakuwahi kukipata kule milimani. Baadaye alizoea. Alikuwa akisoma Yasini, akang'oa majani, akamweleza mtoto habari za bibi yake na za mjomba. Alirudi nyumbani uso umetulia, na siku nzima ilikwenda.

Bi Mwanaharusi, mama yake Fikirini, hakumsindikiza hata mara moja. Maimuna alidhani ni magoti.

Asubuhi ya siku ambayo Maimuna alitakiwa kutoa jibu, bibi huyo alikuwa jikoni anakuna nazi, na mwanawe amesimama mlangoni.

"Leo mkeo anajibu," alisema bila kuinua kichwa. "Na wewe unamjibu lini?"

"Mama, tulishayamaliza haya."

"Uliyamaliza wewe. Mwanamke anaamka gizani, anatawadha, anakwenda kumsomea mwanawe kwenye mchanga uliourundika kwa jembe. Akirudi ananiamkia, ananiambia, mama, leo nimemweleza Zuena habari zako. Mimi nimwitikie nini?"

Fikirini alitazama nje kuona kama kuna mtu. Siri hiyo waliijua wanaume wa kitongoji wote, na wote walisema ni mambo ya mtu na mkewe. Mwaka huu, mwezi wa nne, mto ulijaa kuliko mtu yeyote alivyowahi kuuona, na uliposhuka, ule mwinuko wa ukingoni haukuwepo. Ukingo ulikuwa umemeguka wima, na chini yake maji yanapita. Fikirini alizunguka pale akitafuta hata ubao wa kaburi. Jioni hiyo mkewe alimpigia simu kumwuliza kama wako salama, naye akasema wako salama wote, na kaburi pia liko salama, amelifyekea. Neno lilimtoka kabla hajalifikiri. Miezi ilipita, Maimuna akasema anataka kuja kuliona kabla ya kukata shauri, na Fikirini akachukua jembe akaenda nyuma ya nyumba za mwisho.

"Akijua ataondoka," alimwambia mama yake.

"Na asipojua, atakuwa amekaa na nani?"

Mama yake akaendelea kukuna nazi, na machozi yalimdondokea mkononi, akayafuta kwa bega. Alisema atakaa kimya leo, kwa sababu haimpendezi mama kumwumbua mwanawe mbele ya mkewe, lakini kesho hatakaa kimya.

Maimuna alimkuta mumewe uani akamwomba amsindikize kaburini. Alisema jibu lake anataka kulitoa kule, wakiwa watatu. Alikuwa amejitanda kanga mpya na amepaka wanja, kitu ambacho hakukifanya tangu msiba, na Fikirini alipomwona hivyo alijua jibu ni nini. Furaha ilimpanda. Mwanamume yule alikuwa amelala peke yake mwaka na zaidi, akisikiliza maji, akimwita mtu aliyeko milimani, na sasa mtu huyo alikuwa akitembea mbele yake kwenye njia nyembamba. Alijiambia kwamba atamwambia siku nyingine, wakishatulia, wakishampata mtoto mwingine. Watu wengi wamekaa vizuri na uongo mkubwa kuliko huo. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Walikaa. Maimuna aling'oa jani moja pembeni ya mrehani, akalitupa, akapangusa mikono.

"Nimepima kila kitu, Baba Zuena. Joto nitalizoea, na nisipolizoea nitalalamika, utanivumilia kama nilivyokuvumilia na makoti yako. Ila masika mimi silali dunguni. Mungu akitupa mtoto mwingine, maji yakianza kupanda natoka naye, nakaa Kibiti karibu na hospitali mpaka yashuke. Hilo ndilo sharti langu. Kaka Ismaily nitamweleza mwenyewe. Atachukia, halafu atazoea."

"Nimekubali sharti," alisema Fikirini.

"Kule kwetu kila usiku wa mvua nilikuwa siwezi kulala, najiuliza nani yuko naye. Hapa nalala. Joto lote hili, na nalala." Alitabasamu kidogo. Akaweka kiganja juu ya tuta, akakiacha hapo. "Basi na kitu kimoja zaidi. Siku yangu ikifika, mniweke hapa, ubavuni pake. Wakija kunitaka milimani uwakatalie. Niahidi."

Fikirini alifungua mdomo aahidi. Kila alichokitaka duniani kilikuwa mbele yake, na bei yake ilikuwa neno moja. Alitazama kile kiganja juu ya mchanga, akaona vidole vinavyousawazisha taratibu, vile vile vilivyokuwa vikisawazisha nywele za mtoto, na akashindwa.

"Hapa hayupo," alisema.

Maimuna alimtazama kama mtu aliyesemeshwa na mpita njia. Alimwuliza nani hayupo. Fikirini akamwambia. Alimwambia yote, ukingo ulivyomeguka, alivyotafuta, alivyosema kwenye simu, jembe, vijiti, mrehani aliouomba kwa jirani. Alizungumza akitazama magoti yake. Alipomaliza, Maimuna alikuwa ameondoa mkono kwenye mchanga na anaushika kwa ule mwingine.

"Yuko wapi?"

Fikirini alionyesha upande wa mto. Hakikuonekana kitu kutoka pale ila matete, na mbele ya matete maji, na baada ya maji delta yote mpaka baharini.

"Mwezi wa nne," alisema Maimuna polepole. "Mwezi wa nne ulinipigia simu karibu kila siku. Siku moja ulicheka. Nakumbuka, nilimwambia kaka, afadhali shemeji yako sasa anacheka."

"Nilikuwa najilazimisha."

"Ulilia na nani?"

Swali hilo hakulitegemea. Alitegemea matusi, alitegemea kofi, na yote mawili angeyapokea kwa shukrani.

"Peke yangu," alisema.

"Ungeniambia, ningekuja kesho yake. Mvua ile ile, na mbu wale wale. Ningekuja tulie wote, na nisingeondoka tena. Unanielewa? Hukuhitaji kaburi la kunivutia huku. Wewe ulinitosha." Machozi yalikuwa yakimtoka na wanja ukashuka nayo, lakini sauti haikutikisika. "Mimi nimekaa mwaka napima joto na baridi, kifua na homa, nimesahau kukupima wewe. Sikujua kama unahitaji kupimwa."

"Mama Zuena, nilifanya kwa kukupenda."

"Najua. Hata sasa naona unanipenda." Alikuwa akimtazama usoni, na kuna kitu kilichokuwa kikimjia taratibu kutoka mbali, na kadiri kilivyokaribia ndivyo rangi ilivyomtoka. "Huku ni nchi ya homa, Fikirini. Mtu wa kukaa naye huku ni yule ambaye nikimwuliza hali ya mtoto, ananiambia hali ya mtoto. Sasa nikuulize. Alfajiri ile kule dunguni, mimi siwezi kuinua kichwa, nilikuuliza Zuena yukoje. Ulimgusa paji la uso. Ukaniambia homa imeshuka, nilale. Nikalala. Ilikuwa imeshuka?"

Fikirini angeweza kusema ndiyo, na hakuna shahidi yeyote ambaye angembishia. Maimuna alimngoja. Kwa mbali watu walikuwa wakipiga debe kufukuza tumbili kwenye mahindi, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma.

"Ilikuwa inapanda," alisema hatimaye. "Mtumbwi ulikuwa haujaja, na wewe ulikuwa hujiwezi. Niliogopa utanyanyuka uanguke majini. Nilitaka angalau wewe upumzike."

Maimuna alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Alipoinuka ilibidi ajishike kwenye bega la mumewe, na Fikirini aliuhisi uzito wa mkono ule mpaka ulipoondoka.

"Ningemshika tu," alisema. "Sikuwa na dawa, wala nguvu. Lakini ningemshika."

Hakupita nyumbani kuchukua begi. Alishika njia ya Nyamwage kwa miguu, kwenye jua kali, akilia kwa sauti mbele za watu waliokuwa mashambani, na kila alipokuwa akitaka kugeuka nyuma alijizuia, kwa sababu alijua bado anampenda na angerudi.